Nani Aliujaza Mtungi wa Pandora?

Jumapili ya tarehe 3 Oktoba 2021, magazeti na vituo vya habari vya nchi nyingi vilianza kwa mpigo mmoja kutoa habari za Nyaraka za Pandora. Muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, ICIJ, ulikuwa umepata faili milioni 11.9 zilizovuja kutoka kampuni 14 ambazo kazi yake ni kuwafungulia wenye fedha kampuni na amana katika nchi za usiri. Waandishi zaidi ya 600 walizipekua. Kwetu Afrika Mashariki habari hiyo ilibisha hodi mlangoni: Rais Uhuru Kenyatta na watu sita wa familia yake walihusishwa na kampuni 13 za ng'ambo. Kumiliki kampuni ya ng'ambo peke yake si kosa la jinai, na kesho yake Kenyatta mwenyewe alitoa taarifa akisema ripoti zile zingesaidia kukuza uwazi wa mambo ya fedha, Kenya na duniani.

Usiku ule nilikuwa kwenye meza ya kuhariri. Nikaandika kichwa cha habari bila kukipima mara mbili: sanduku la Pandora lafunguka. Kikapita. Hakikuwa na kosa la sarufi wala la tahajia, na msomaji wa kawaida wa gazeti angekielewa. Lakini kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na imenichukua muda kujua kwa nini. Katika msemo tuliouzoea, anayefungua sanduku la Pandora ndiye mkosaji. Katika habari ile waliofungua walikuwa wakifanya kazi njema, na mkosaji, kama alikuwepo, alikuwa miongoni mwa waliojaza na kufunika.

ICIJ wenyewe walieleza walikolitoa jina. Lilikuwa linaendeleza mfululizo wa Nyaraka za Panama za 2016 na Nyaraka za Paradise za 2017, na kisa cha kale cha Pandora bado humpa msikilizaji picha ya balaa linalofurika. Haya. Lakini balaa la nani, na liliwekwa mle na nani? Hilo ndilo swali linalonifanya niandike, kwa sababu naamini Pandora amedhulumiwa kuliko jina lolote tulilorithi kwa Wagiriki, na dhuluma yenyewe haikuishia vitabuni. Mpaka leo inaamua nani alaumiwe pindi siri inapotoka.

Kisa kimeandikwa na Hesiod, mshairi aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya Kristo. Wengi wanakijua, kwa hiyo nitakipitia mbiombio. Prometheus aliiba moto wa miungu akawapa wanadamu. Zeus, mkuu wa miungu, akaapa kulipiza. Akamwamuru Hephaestus akande udongo na maji, afinyange mwanamke. Athena akamvika na kumfundisha kufuma, Aphrodite akampa haiba, Hermes akampa sauti na hila, kisha akamwita Pandora, kwa kuwa wote wakaao Olympus walimtunukia kitu. Akapelekwa kwa Epimetheus, nduguye Prometheus. Huko akaondoa mfuniko wa mtungi mkubwa, na maradhi na taabu zikatawanyika duniani. Ndani likabaki Tumaini peke yake, maana mfuniko ulirudishwa kabla halijatoka, kwa matakwa ya Zeus.

Sasa tazama yasiyokuwemo. Hakuna mstari hata mmoja ambamo Pandora anaambiwa asifungue. Hakuna mstari unaosema alifungua kwa udadisi. Katazo moja tu limo katika simulizi yote, nalo hakupewa yeye. Alipewa Epimetheus. Nduguye alikuwa amemwonya asipokee zawadi yoyote kutoka kwa Zeus, airudishe ilikotoka, na yeye akasahau, akapokea. Jina lake lenyewe lina maana ya mtu anayefikiri baada ya tendo. Aliyeonywa akapuuza ni mwanamume, na hakuna lugha ninayoijua iliyomtungia msemo. Hakuna anayesema "umefanya ya Epimetheus." Aliyefinyangwa jana, akapelekwa nyumba asiyoijua, akakuta mtungi asioujua, ndiye aliyebeba lawama kwa miaka 2,700.

Na huo mtungi. Hesiod anatumia neno pithos, nalo ni chombo cha udongo kikubwa mno, baadhi kimo cha mtu mzima, kilichofukiwa nusu ardhini ghalani, cha kuwekea nafaka, mafuta au divai. Kiswahili kina neno lake tangu zamani: kasiki. Aliyewahi kuingia ua wa nyumba ya kale ya pwani anajua kasiki ni kitu gani. Halibebwi, watu hulifuata lilipo. Na kulifungua ni kazi ya kila siku ya mwenye nyumba anayetaka kupika. Waathene walikuwa na siku maalumu ya kufungua mitungi, Pithoigia, siku ya kwanza ya sikukuu ya Anthesteria, mwishoni mwa majira ya baridi, ambapo divai mpya ilifunguliwa na kuonjwa kwa heshima ya Dionysus, mungu wa divai. Kwa watu hao kuondoa mfuniko wa mtungi kulikuwa sehemu ya maisha, na mara moja kwa mwaka kulikuwa ibada.

Sanduku limetoka wapi, basi? Limetoka kwa Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni mkubwa wa Uholanzi. Katika mkusanyiko wake wa methali uliochapishwa Venice mwaka 1508, alipokisimulia kisa hiki kwa Kilatini, aliandika pyxis pahali pa pithos. Pyxis ni kijaluba, kikopo chenye kifuniko cha kuwekea vipodozi au dawa. Mwaka 1956 wanahistoria wa sanaa Dora na Erwin Panofsky waliufuata mkondo huo hatua kwa hatua mpaka wakamfikia yeye. Inadhaniwa alichanganya na kisa kingine, cha Psyche, aliyetumwa kuzimu kuchukua kijaluba cha uzuri na akakifungua njiani.

Kwa masikio ya haraka tofauti hiyo ni ndogo, kijaluba au kasiki, yote si vyombo? Mimi naiona kuwa ndiyo iliyogeuza kesi nzima. Kasiki limo nyumbani kabla ya mke kufika, au limewekwa na mwingine. Hesiod hasemi, anaanza tu na mfuniko. Kijaluba huja mkononi. Mara alipopewa kijaluba, Pandora aligeuka mwanamke anayewasili na balaa lake kwapani, na mwenye kijaluba kilichofungwa ni lazima ameambiwa asikifungue, na akikifungua ni lazima ni umbea umemsukuma. Neno moja lililofasiriwa vibaya likazaa katazo, katazo likazaa udadisi, udadisi ukazaa hatia. Wachoraji wakalimalizia. Katika picha ya Dante Gabriel Rossetti ya mwaka 1871, Pandora amekikumbatia kikasha mikononi huku moshi ukimzunguka, na mtazamaji hahitaji kusoma chochote ili ahukumu. Karne tatu kabla yake, Mfaransa Jean Cousin alikwisha kumchora mwanamke aliyelala uchi akiegemea fuvu, mkono mmoja juu ya mtungi, na juu yake akaandika kwa Kilatini kwamba Hawa ndiye Pandora wa kwanza. (Msomaji aliyelelewa na Kurani atalishangaa hilo, maana katika Sura ya Al-A'raf Shetani anawatia wasiwasi wote wawili, Adamu na mkewe, na wote wawili wanateleza pamoja.)

Nimekwisha kuonyesha ninakoegemea. Hata hivyo wanaonipinga wana hoja nzito, na baadhi yake sijapata namna ya kuzibomoa kabisa.

Hoja ya kwanza ni kwamba Hesiod si shahidi wangu. Ni kweli. Kama ninamtetea Pandora kwa kumtumia Hesiod, nimemwita mahakamani mshtaki. Yeye ndiye anayesema kwamba mwanamke yule kwa mikono yake aliondoa mfuniko na kuwatungia watu huzuni. Katika utenzi wake mwingine, unaosimulia nasaba ya miungu, anadai kwamba kutokana na mwanamke wa kwanza limezaliwa taifa lote la wanawake, linaloishi kama nyuki madume wanaokula jasho la wenzao. Chuki imo tangu mwanzo, Erasmus hakuileta. Ninachoweza kujibu ni kwamba Hesiod hakuwa Ugiriki nzima. Katika Makumbusho ya Uingereza mjini London kuna bakuli la Kigiriki la karne ya 5 kabla ya Kristo, lenye picha ya Athena na Hephaestus wakimpamba mwanamke huyuhuyu, na jina lililoandikwa kando yake ni Anesidora, yaani anayetoa zawadi kutoka chini. Hilo ni jina la ardhi inayootesha. Mchongaji Pheidias alipoisimamisha sanamu kubwa ya Athena ndani ya Parthenon, hekalu lake mjini Athens, mwaka 438 kabla ya Kristo, alichonga chini yake, kwenye msingi, kuzaliwa kwa Pandora mbele ya miungu. Watu wanaomwona mtu kuwa ni laana tupu hawamweki miguuni pa mlinzi wa mji wao. Na ipo hekaya ya Kigiriki iliyoandikwa na mtunzi Babrius ambamo mtungi ulikuwa na mema matupu. Zeus aliyakusanya, akampa binadamu, binadamu akashindwa kujizuia akafunua, mema yakaruka kurudi mbinguni, likabaki tumaini. Aliyefunua humo hana jina. Ni mtu tu.

Hoja ya pili ni ya watu wa lugha, nami kwa kazi yangu naiheshimu zaidi. Wanasema msemo ukishahama kwao una uraia mpya, haudaiwi tena hati ya kuzaliwa. Wana mfano ulio karibu nasi sana. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad wakati wa Harun al-Rashid, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiarabu. Kwetu amekuwa Abunuwasi, mjanja wa hadithi, anayewashinda wafanyabiashara na kadhi na Sultani kwa akili. Ni Waswahili wangapi wanaojua mashairi yake? Na nani amedhurika? Kama Abunuwasi anaruhusiwa kuwa mtu mwingine, kwa nini Pandora anyimwe?

Nimelichukua swali hilo nikatembea nalo muda mrefu. Jibu langu ni kwamba Abunuwasi alipohama alipandishwa cheo. Alipewa akili nyingi kuliko hata aliyokuwa nayo, na kila mnyonge anayesikia hadithi yake anapata nguvu ya kumjibu mkubwa. Pandora alipohama alishushwa, na kila anayesikia msemo wake anafunzwa kumtazama vibaya mnyonge aliyekuta chombo kimejazwa na mkubwa.

Ya tatu ni hoja ya tahadhari, nayo ni ya haki. Yapo mambo ambayo yakishatoka hayarudi. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwamba amebadili jeni za watoto mapacha nchini China kabla hawajazaliwa; dunia ilishtuka, na alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Anayesema pale limefunguliwa sanduku la Pandora ana maana nzuri, anataka tusimame tufikiri. Simpingi maana yake. Ila kwa maana hiyo Kiswahili hakina njaa ya kuazima: maji yakimwagika hayazoleki. Methali ile inasema jambo lilelile, kwamba hakuna kurudi nyuma, na haimtaji mwanamke wala haimtafuti aliyeshika chombo. Inayatazama maji.

Na kwa maana ya siri tunayo nyingine, bora kuliko zote: siri ya mtungi aijuaye kata. Nilipoikumbuka, miezi baada ya kichwa changu kile, niliona aibu kwamba haikunijia usiku uleule. Nyaraka zilizovuja zilikuwa za nani? Za kampuni 14 zilizosajili, zilizotia saini, zilizotoa wakurugenzi wa kwenye karatasi. Hizo ndizo kata. Zilikuwa zikizama na kuibuka mtungini miaka yote, zikijua kina chake na ladha ya maji yake. Wahenga wetu walikuwa na mtungi halisi mikononi, pamoja na swali sahihi la kuuliza juu yake, nasi tukaenda kuazima sanduku lililotokana na kosa la tafsiri.

Ningeweza kuambiwa natengeneza mlima kutokana na neno. Basi tuache vyumba vya habari, twende kwenye mipaka ya Afrika, ambako jina hili limefanya kazi nzito kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa mbele katika kulitetea azimio hilo. Somalia na Morocco walilikataa. Tangu hapo, popote lilipozuka ombi la kujitenga au kuchora upya, jibu la kidiplomasia limekuwa na picha moja: msifungue sanduku la Pandora. Picha hiyo ina ushahidi wa kuiunga mkono, lazima niseme hivyo. Vita vya Ogaden vya 1977 na 1978 vilionyesha kinachotokea nchi moja inapojaribu kuuhamisha mpaka kwa bunduki. Eritrea ilijitenga na Ethiopia kwa kura mwaka 1993, na mwaka 1998 nchi hizo mbili ziliingia vitani. Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011 baada ya karibu asilimia 99 ya wapiga kura kuutaka, na kabla ya mwisho wa 2013 wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakiuana. Mwenye kuushikilia mfuniko anaweza kunionyesha makaburi hayo, na sina haki ya kuyapita kama sikuyaona.

Lakini nani aliujaza mtungi ule? Mipaka ilichorwa na Wazungu, mingi katika miaka michache iliyofuata mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na waliogawanywa hawakuulizwa. Walioitawala Sudan waliitawala kaskazini na kusini kama nchi mbili, kisha wakaiacha kama moja. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia mwaka 1952 kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa, na miaka kumi baadaye Haile Selassie akaufuta muungano ule wa shirikisho akaimeza. Maovu yalikuwa yamo tayari, yakichacha. Anaposimama mtu wa Juba au wa Asmara kudai, msemo wetu humtazama yeye kama ndiye aliyeleta ugonjwa, na wenye chombo wanakaa pembeni kama wageni waalikwa. Kwa sababu hiyo siupendi. Unamwezesha aliyejaza kujivika joho la busara.

Nyerere mwenyewe hakukubali kufungwa na picha hiyo. Aprili 1968, yeye aliyekuwa mstari wa mbele Cairo, aliifanya Tanzania kuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kwa hoja kwamba dola ipo kwa ajili ya watu wake, na watu wakishaamini kwamba dola yao haiwalindi uhai, umoja wa kulazimishwa hauna maana. Unaweza kuukataa uamuzi wake. Wengi waliukataa, na Biafra ilishindwa Januari 1970. Ninachokipenda ni kwamba aliuliza kilichomo mtungini kabla ya kuuliza nani ameshika mfuniko.

Na mwaka 2005 likatokea jambo ambalo wachambuzi wengi hulitaja kwa haraka. Umoja wa Afrika ulituma ujumbe Somaliland, eneo lililojitangaza huru kutoka Somalia, ukiongozwa na Patrick Mazimhaka wa Rwanda, aliyekuwa naibu mwenyekiti wa Kamisheni. Ripoti yake ilisema kwamba madai ya Somaliland ya kutambuliwa kama nchi yana historia ya pekee, na kwamba kesi hiyo haipaswi kufungamanishwa na dhana ya kufungua sanduku la Pandora. Jina lilitajwa waziwazi katika ripoti yenyewe. Iliwabidi maofisa wa bara zima wamtoe kwanza mwanamke wa Kigiriki chumbani ndipo waweze kuitazama ramani: Somaliland ilipata uhuru wake tarehe 26 Juni 1960, ikaungana na Somalia ya Kiitaliano siku tano baadaye, na mpaka inaoudai ni uleule wa siku ile ya uhuru, yaani mpaka ambao azimio la Cairo lenyewe lingeulinda. Sisemi itambuliwe wala isitambuliwe. Nasema kwamba kwa miongo kadhaa msemo ulikuwa ukijibu swali ambalo hakuna aliyekuwa amelisoma.

Matumizi mengine ya jina ni mepesi, na mengi yana huruma zaidi. Kampuni ya vito ya Pandora, iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1982, inauza vikuku vya kuongezewa vidani kimoja kimoja. Bila kuhubiri imerudi kwenye maana ya jina, zawadi zote. Mwezi mdogo wa sayari ya Zohali uliogunduliwa mwaka 1980 katika picha za chombo cha Voyager 1 unaitwa Pandora, na karibu naye unazunguka mwingine uitwao Prometheus, kama shemeji wawili waliowekwa ua mmoja. Ninaowapenda zaidi ni wanasayansi wa Ufaransa, Jean-Michel Claverie na Chantal Abergel na wenzao, waliotangaza mwaka 2013 kupatikana kwa virusi vikubwa visivyofanana na vyovyote vilivyojulikana, kimoja kutoka pwani ya Chile na kingine kutoka bwawa la maji baridi karibu na Melbourne. Waliviita Pandoravirus. Zaidi ya tisa ya kumi ya jeni zake hazikufanana na kitu chochote kilichokwisha kusajiliwa, lakini sababu nyingine ya jina ilikuwa umbo: chini ya hadubini vilionekana kama mtungi wa Kigiriki. Baada ya miaka 505 ya kijaluba cha Erasmus, mtungi ulirudishwa na watu wa maabara, na kwao kuufungua ilikuwa furaha.

Limebaki lile Tumaini. Neno la Hesiod ni elpis, na wafasiri wameligombania tangu kale, kwa sababu linabeba pamoja tumaini na taraja, kutazamia jema na kutazamia baya. Kama mtungi ulikuwa ghala la maovu, tumaini lilifuata nini mle? Na kama limebaki limefungiwa, tunalo au tumenyimwa? Sitajifanya kulitatua. Ila nawaomba wanaotumia msemo huu wakumbuke angalau kwamba katika simulizi ileile wanayoiazima, kilichobaki ndani baada ya mfuniko kurudishwa ndicho walichokihitaji zaidi waliokuwa nje.

Kuna sanduku moja la Pandora ambalo lilikuwa sanduku la kweli, la mbao na makomeo. Mwaka 1790 Jeshi la Majini la Uingereza liliituma meli iitwayo HMS Pandora kwenda Tahiti kuwasaka mabaharia walioasi katika meli ya Bounty. Nahodha Edward Edwards aliwakamata watu 14, akawajengea kizimba juu ya sitaha, akawafunga pingu mikono na miguu humo ndani, wote pamoja, wakati baadhi yao hawakuwahi kuasi na walibakizwa Bounty kinyume cha matakwa yao. Mabaharia walikiita kizimba kile sanduku la Pandora. Mwishoni mwa Agosti 1791 meli iligonga Mwamba Mkubwa wa matumbawe wa Australia, na asubuhi ya tarehe 29 ikazama. Wengi wa wafungwa walikuwa bado wamo ndani wakati maji yanapanda. Msaidizi wa serahangi aitwaye William Moulter, aliyekuwa akikimbilia kuokoa nafsi yake, aliwasikia wakilia, akarudi, akachomoa komeo la mlango wa juu. Siku hiyo walikufa mabaharia 31 na wafungwa wanne. Wafungwa kumi walitoka hai. Kisiwa kidogo cha mchanga kilicho karibu na mahali ilipozama meli kinaitwa leo Moulter Cay, kwa jina la mtu aliyefungua.